Sarafu ya Ukumbusho: Tuitumie, Tuibadilishe au Tuihifadhi?



Muhula uliopita, baada ya kipindi cha ufahamu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alibaki darasani wenzake walipotoka. Alifungua kiganja akanionyesha shilingi 1000. Haikuwa noti, bali sarafu: duara la madini ya rangi mbili, lenye maandishi ya kuadhimisha miaka 50 ya uhuru wa Uganda, 1962 hadi 2012. Alikuwa ameiokota nyumbani katika kopo la vifungo vya mama yake, akaenda nayo dukani kununua daftari. Mwenye duka aliigeuza mara mbili tatu, akamrudishia, akamwambia alete pesa ya kweli.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii pesa bado inafanya kazi?"

Nilimpa noti ya shilingi 1000, nami nikaichukua sarafu yake. Yeye alipata daftari lake, na mimi nikapata mada ya somo hili. Swali lake lilinikaa moyoni kwa sababu niliwahi kuona swali hilohilo likijibiwa vibaya, na jibu hilo likaigharimu familia moja kitu ambacho haitakipata tena. Habari hiyo nitakusimulia hapo mbele. Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha, na lugha huhifadhi historia ambayo mifuko yetu imekwisha kuisahau.

Maneno yanatufunza nini?

Neno "sarafu" lilitoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kubadilisha fedha. Basi wazo la kubadilisha limo ndani ya jina lenyewe. Neno "fedha" nalo limetoka hukohuko, na katika Kiswahili lina maana mbili. Tukisema "pete ya fedha", tunataja madini meupe yanayong'aa. Tukisema "Wizara ya Fedha", tunataja pesa kwa jumla. Zamani maana hizo mbili zilikaribiana sana, kwa kuwa sarafu kubwa zilitengenezwa kwa madini hayo na thamani yake ilikuwa katika uzito wake. Leo maana hizo zimeachana. Pesa tunazozishika sokoni hazina fedha ndani yake, ila tunaendelea kuziita fedha.

Neno "hela" lina safari yake pia. Kuanzia mwaka 1904, katika koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, rupia moja iligawanywa katika Heller 100. Wajerumani waliondoka, Heller zao zikaacha kutumika, lakini neno lilibaki vinywani mwa watu hadi leo. Hapa kwetu Uganda, Waganda huziita pesa "ensimbi". Msemaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo upesi, kwani "simbi" ni yale makombe madogo ya baharini, yaani kauri, yaliyosafiri kutoka pwani hadi Buganda na kutumika katika biashara. Hakuna muuzaji wa leo atakayekupimia sukari kwa simbi, ingawa jina lake lingali linaita pesa.

Tuje sasa kwenye "ukumbusho". Kitenzi cha msingi ni "kumbuka". Tukikifanya kiwe cha kusababisha, tunapata "kumbusha", yaani kumfanya mwingine akumbuke. Kutokana na "kumbusha" tunapata nomino "ukumbusho". Sarafu ya ukumbusho, basi, ni sarafu iliyotengenezwa ili itukumbushe jambo: uhuru, ziara ya mgeni mkubwa, au umri wa taasisi fulani. Ni pesa iliyopewa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kulipa, na ya pili ni kukumbusha. Mkanganyiko wa mwenye duka ulianzia hapo, kwa maana watu wengi hudhani kwamba kitu kinachofanya kazi ya pili hakiwezi kufanya ya kwanza.

Ni nani anayeifanya sarafu kuwa pesa?

Kabla ya uhuru, Uganda, Kenya na Tanganyika zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, chombo kilichoundwa mwaka 1919. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha zake kupitia benki kuu yake. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1966. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 161, inasema kwamba benki hiyo ndiyo mamlaka pekee ya kutoa fedha za nchi.

Zingatia neno "pekee". Mwenye duka hana mamlaka ya kutangaza kwamba sarafu iliyotolewa na Benki Kuu imekufa. Mimi mwalimu sina. Mchungaji, diwani au jirani mwenye sauti kubwa hana. Sarafu huzaliwa kwa tangazo la mamlaka hiyo na huondolewa kwa njia hiyohiyo ya sheria. Katikati ya siku hizo mbili, ni pesa, hata kama sura yake si ya kawaida.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanafunzi wangu lilikuwa "ndiyo". Sarafu ya mwaka 2012 ilitolewa ili itumike mikononi mwa watu, ikiwa na thamani sawa na noti ya shilingi 1000. Hata hivyo, sarafu za ukumbusho si za namna moja, na jibu la sarafu moja si jibu la zote. Ili tuelewe tofauti hiyo, turudi nyuma hadi mwaka 1969.

Sarafu za ziara ya Papa

Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu Wakatoliki 22 wa Uganda waliouawa katika enzi ya Kabaka Mwanga, kati ya miaka 1885 na 1887. Miaka mitano baadaye alikuja mwenyewe. Alikuwa Uganda kuanzia tarehe 31 Julai hadi tarehe 2 Agosti 1969, akafika Namugongo, na ziara hiyo ilikuwa ya kwanza ya Papa wa zama hizi katika bara la Afrika. Kwa nchi iliyokuwa na umri wa miaka saba tu tangu uhuru, hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa Wakatoliki na kwa wasio Wakatoliki.

Kwa ajili ya ziara hiyo zilitolewa sarafu za ukumbusho. Zilikuwepo sarafu za fedha halisi, za shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30. Zilikuwepo pia sarafu za dhahabu, za shilingi 50, 100, 500 na 1000. Sarafu kubwa ya fedha, ile ya shilingi 30, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 60. Sarafu kubwa ya dhahabu, ile ya shilingi 1000, ilipita gramu 130. Bila shaka hazikutengenezwa ili mtu alipie ndizi sokoni Owino. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, wageni na watu waliotaka kuwa na kumbukumbu ya kudumu. Pamoja na hayo, kila moja iliandikwa kiasi cha shilingi kama pesa nyingine yoyote.

Sarafu ya namna hii ina thamani tatu. Ya kwanza ni thamani ya maandishi, yaani namba iliyochongwa juu yake. Ya pili ni thamani ya madini, yaani bei ambayo mtu angelipa kwa dhahabu au fedha iliyomo. Ya tatu ni thamani ya kumbukumbu, ambayo hutegemea uchache wa sarafu, hali yake, na hamu ya watu kuwa nayo. Thamani hizo hazitembei pamoja. Moja inaweza kuanguka siku moja, na nyingine mbili zikabaki zimesimama.

Mwaka ambao akiba iliyeyuka

Waswahili husema, "Akiba haiozi." Nyanya yangu, mama wa mama yangu, aliamini hivyo. Alikuwa akiuza kahawa na kuweka noti katika bati la majani ya chai chini ya kitanda. Mwaka 1987 bati hilo lilikuwa na shilingi 40,000.

Tarehe 15 Mei 1987 serikali ilitangaza mageuzi ya fedha. Bei zilikuwa zikipanda kwa kasi, na noti zilikuwa nyingi mno kuliko bidhaa. Ilitangazwa kwamba shilingi 100 za zamani zingekuwa shilingi 1 mpya. Kuondoa sifuri mbili si jambo la kumtia mtu hasara kwa lenyewe, maana bei nazo hupoteza sifuri mbili. Jambo lililouma ni la pili: katika kubadilisha kulikuwa na kodi ya asilimia 30.

Fanya hesabu pamoja nami. Gawanya shilingi 40,000 kwa 100, unapata 400. Ondoa asilimia 30, yaani 120. Zinabaki 280. Nyanya alitembea hadi mjini, akasimama foleni, akarudi na shilingi 280 mpya. Sikuwa nimezaliwa, lakini niliisikia hesabu hiyo mara nyingi utotoni, na daima aliitaja bila kukosea hata shilingi moja. Alikuwa na sarafu chache za shilingi moja za mwaka 1966, ambazo hakujisumbua kuzipeleka. Kwa kuwa shilingi nzima ya zamani ilikuwa imegeuka senti moja, zisingetosha hata nauli ya kurudi. Sisi wajukuu tulizifanya kete za mchezo uani.

Sikusimulii haya ili ulaumu au usifu mageuzi yale. Wachumi wana hoja zao, na wazee waliopanga foleni wana zao. Ninachotaka ukione ni kwamba methali yetu ina sharti lisilotajwa. Akiba haiozi, naam, ila chombo tulichoiwekea akiba kinaweza kuoza. Noti ni ahadi ya serikali, na masharti ya ahadi hiyo yanaweza kubadilika kwa tangazo la asubuhi moja. Haikuwa mara ya kwanza kwa Uganda. Utawala wa Idi Amin ulipoangushwa mwezi Aprili 1979, noti zilizobeba picha yake nazo ziliondolewa mwaka huohuo, na watu wakatakiwa kuzibadilisha.

Dhahabu na pipi

Tuichukue sasa ile sarafu ya dhahabu ya shilingi 1000 na kuipitisha katika hesabu ya mwaka 1987. Gawanya 1000 kwa 100, unapata shilingi 10 mpya. Ondoa asilimia 30, zinabaki shilingi 7. Pipi moja dukani siku hizi huuzwa kwa shilingi 100 hivi. Kwa hesabu hiyo, mtu angehitaji sarafu 15 za dhahabu, zenye uzito wa takriban kilo mbili kwa jumla, ili anunue pipi moja!

Hakuna mwenye akili timamu atakayefanya biashara hiyo. Lakini mtu anayetazama namba tu, asitazame kitu kingine, anaweza kuifanya, au akafanya inayofanana nayo. Na hapa naitimiza ahadi niliyokupa mwanzoni.

Karibu na nyumbani kwetu aliishi mzee mmoja aliyekuwa katekista tangu ujana wake. Alikuwa na sarafu ya fedha ya shilingi 5, moja ya zile za ziara ya mwaka 1969, aliyopewa na padri aliyefanya naye kazi. Kila tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, aliitoa katika kitambaa, akawaita watoto wa jirani, akawasimulia jinsi alivyotembea kwa miguu kwenda kumwona Papa. Nami nilikuwa mmoja wa watoto hao. Alituruhusu kuishika kwa ncha za vidole, na aliyeiangusha hakupewa tena mwaka ule.

Mzee alipofariki, wanawe waligawana vitu. Sarafu ilimwangukia mmoja wao, aliyekuwa na watoto wa kulisha. Akauliza watu, "Hii bado inatumika?" Akajibiwa na kila mtu kwamba haitumiki. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa upande mmoja: huwezi kwenda nayo dukani. Basi alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu, akampa kwa bei ya kilo mbili za sukari. Mnunuzi hakumlazimisha wala hakumdanganya. Alitaja bei, ikakubaliwa.

Sarafu ile isingemtajirisha mtu. Ilikuwa na uzito wa gramu chache tu. Lakini fedha iliyomo ilizidi bei ya sukari ile, na mkusanyaji angelipa zaidi. Hasara kubwa ilikuwa nyingine. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, wajukuu wa mzee walikuwa na habari ya kusimulia, lakini hawakuwa na kitu cha kushika. Nilikutana na mwanawe baadaye, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi niliuliza kama inatumika. Hakuna aliyeniambia niulize kama ina thamani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimbadilishie mwanafunzi wangu sarafu yake badala ya kumwambia tu arudi dukani. "Kutumika" na "kuwa na thamani" ni mambo mawili. Sarafu ya mwaka 2012 inatumika, ilhali thamani ya madini yake ni ndogo. Sarafu ya mzee haikutumika, ilhali thamani yake ilikuwapo katika madini na katika kumbukumbu.

Majirani zetu

Tukivuka mpaka, tunakuta mifano inayofanana. Mwaka 2003 Kenya ilitoa sarafu ya shilingi 40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikiwa na sura ya Rais Mwai Kibaki. Kama ile yetu ya mwaka 2012, ilitolewa ili itumike. Arobaini si kiasi cha kawaida kwa sarafu, na kwa sababu hiyo wengi waliiweka nyumbani badala ya kuitumia.

Sarafu hiyo inatufunza jambo la uraia pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 231, inakataza noti na sarafu za nchi hiyo kubeba picha ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu mpya zilizozinduliwa mwezi Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye shilingi 5, simba kwenye shilingi 10 na tembo kwenye shilingi 20. Ukiweka sarafu ya shilingi 40 kando ya sarafu ya tembo, unaona kwa macho yako mabadiliko ya katiba. Hiyo ni historia unayoweza kuishika mkononi.

Mwaka 2019 Kenya ilitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1000 ingeacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba. Wananchi walipewa miezi minne tangu tangazo la Siku ya Madaraka. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudishwa. Baadhi huenda zilikuwa za watu walioogopa kuulizwa walikozipata, na serikali ilisema wazi kwamba ililenga fedha haramu. Lakini usimsahau mzee wa kijijini asiye na redio, ambaye bati lake la majani ya chai lilifunguliwa Oktoba.

Tanzania nayo ilitoa sarafu ya shilingi 20 mwaka 1981 kukumbuka miaka 20 ya Uhuru. Karibuni zaidi, Benki Kuu ya Tanzania iliwataka wananchi wabadilishe noti za matoleo ya zamani, ya mwaka 1985 hadi 2003, kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025. Tazama tena jinsi tarehe ya mwisho inavyoandikwa wazi. Katika habari za kubadilisha fedha, tarehe ndiyo neno kuu kuliko maneno yote.

Usidhani kwamba mkanganyiko huu ni wetu peke yetu. Nchini Uingereza, Royal Mint, kiwanda kikongwe cha kutengeneza sarafu, kiliuza sarafu za fedha za ukumbusho za pauni 20, 50 na 100 kwa bei ileile iliyochongwa juu yake. Baadhi ya wanunuzi waliona kwamba hawawezi kupata hasara: wakizichoka, watazipeleka benki. Walipozipeleka, benki zilizikataa, kwa maelezo kwamba ingawa ni fedha halali kisheria, hazikukusudiwa kuzunguka sokoni. Kumbe uhalali wa sarafu na kukubaliwa kwake kaunta si jambo moja. Mtu anaweza kuwa na pauni 100 halali mkononi, asiweze kununulia mkate.

Ufanye nini ukiipata?

Ukikuta sarafu ya ukumbusho katika sanduku la babu, katika kopo la vifungo au katika chenji ya sokoni, usiikimbize dukani wala kwa mnunuzi wa vyuma. Jiulize maswali manne, kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: ilitolewa na nani, na kwa ajili ya nini? Soma jina la nchi, mwaka na tukio. Sarafu iliyotolewa ili izunguke mikononi mwa watu, kama ile ya shilingi 1000 ya mwaka 2012, ni tofauti na sarafu iliyouzwa katika kasha kwa wakusanyaji.

Swali la pili: je, imeondolewa? Jibu la swali hili halipatikani kwa kinyozi wala kwa dereva wa bodaboda. Uliza ofisi za Benki Kuu ya nchi iliyoitoa, au soma matangazo yake. Kama muda wa kubadilisha umetolewa, andika tarehe ya mwisho ukutani na umwambie kila mzee unayemfahamu. Wazee wetu ndio wanaohifadhi noti nyingi kwa muda mrefu, nao ndio wanaofikiwa na habari mwisho.

Swali la tatu: imetengenezwa kwa madini gani? Ikiwa ni fedha halisi au dhahabu, ipimwe uzito, na bei ya siku ijulikane kabla ya neno "nauza" kutoka kinywani. Usiisugue kwa mchanga wala kwa dawa ya kung'arisha ukidhani unaipendezesha, kwa sababu wakusanyaji hupunguza bei ya sarafu iliyosuguliwa.

Swali la nne: inakumbusha nini, na nani nyumbani bado anakumbuka? Hili ndilo tunalolisahau. Kaa na mwenye sarafu angali hai, umwulize alivyoipata, uandike. Waswahili husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Daftari la sarafu ya ukumbusho ni ile habari inayoandamana nayo. Sarafu isiyo na habari ni kipande cha madini tu.

Baada ya maswali hayo manne, uamuzi ni wako. Kuitumia si dhambi. Kuibadilisha kwa wakati ni busara. Kuiuza kwa bei ya haki kwa sababu ya ada ya shule ni jambo la heshima. Kosa ni kufanya lolote kati ya hayo bila kujua ulichokuwa nacho.

Tena jambo hili si la zamani tu. Tarehe 30 Novemba 2013, hapa Kampala, viongozi wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki walitia sahihi itifaki ya kuelekea sarafu moja ya nchi wanachama. Safari hiyo imekuwa ndefu, na sarafu hiyo bado haijaanza kutumika. Ikifika siku hiyo, shilingi zote zilizomo mifukoni mwetu, zenye korongo, simba au twiga, zitakuwa za kubadilishwa. Foleni aliyoisimamia nyanya yangu itapangwa tena, na safari hii utakayesimama ni wewe. Nataka usimame ukiwa unajua hesabu, unajua tarehe, na unajua ni ipi ya kupeleka na ni ipi ya kuwawekea wajukuu.

Sarafu ya mwanafunzi wangu ingali katika droo ya meza yangu. Nimemwambia kwamba siku atakayomaliza kidato cha nne nitamrudishia, naye atanipa noti ya shilingi 1000. Akipenda kuitumia siku hiyo, aitumie. Lakini kwanza atanieleza, kwa Kiswahili fasaha, inakumbusha nini.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya sarafu "inayotumika" na sarafu "yenye thamani".

2. Mtu alikuwa na shilingi 25,000 za zamani mwezi Mei 1987. Baada ya kubadilisha na kutozwa kodi, alibaki na shilingi ngapi mpya? Onyesha hesabu yako kwa sentensi kamili.

3. Unda nomino kutokana na vitenzi hivi, kama tulivyounda "ukumbusho": badilisha, hifadhi, tumia.

4. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu kuhusu siku aliyowahi kubadilisha fedha za zamani. Andika insha ya ukurasa mmoja, ukitaja mwaka, mahali na kiasi.

5. Je, unakubaliana na methali "Akiba haiozi"? Toa hoja mbili za kuiunga mkono na mbili za kuipinga.